Pipa Humwagwa, Lori Hupita

Tumechoka kufundishwa kiasi na watu ambao hakuna anayewauliza wao wanakunywa nini. Tunasema hivyo sisi wa Kaberebere: wakulima wa matoke wa Isingiro, waendesha boda wa njia panda, wauza mitumba, wakaanga chapati, na wenzetu wakimbizi wa kambi ya Nakivale wanaoshukia hapa kabla ya kupanda teksi ya Mbarara. Lugha zetu ni mbalimbali, dini zetu ni mbalimbali, na karatasi za serikali tunazobeba mfukoni hazifanani. Kwa jambo hili tunanung'unika pamoja. Kila kizazi hapa kimeletewa dawa ya ulevi kutoka juu, na kila mara dawa hiyo imeanzia kwenye kikombe cha maskini na kuishia hapohapo.

Hakuna kati yetu anayetetea ulevi. Tunaishi nao. Tunawajua vijana ambao mikono yao hutetemeka mpaka wapate toti ya kwanza, kabla hata ya chai ya asubuhi. Tunawajua akina baba waliouza mkungu ungali mgombani, haujakomaa, ili walipe deni la kilabu. Tunawajua akina mama wanaolala kwa jirani na watoto siku ambayo mume amepokea pesa ya kibarua. Anayetaka kujua pombe imefanya nini huku asianze na takwimu. Amuulize mke wa mlevi, na ampe muda wa kujibu. Kwa sababu hiyo hasa tunakasirika. Jambo linalotuumiza kiasi hiki limegeuzwa kuwa kazi ya kuvizia masufuria.

Operesheni yenyewe tunaijua kwa moyo. Askari wanakuja alfajiri, pipa likiwa motoni. Wanamwaga kilichomo, wanatoboa pipa, wanaondoka na mrija wa shaba na kumchukua mama aliyekuwa akichochea kuni. Mara nyingi ni mjane, au mwanamke aliyeachiwa watoto, au mkimbizi asiye na shamba la kumtosha. Ndugu wanachanga, anatoka. Mwezi haujaisha, ameshakopa pipa jingine, na sasa ana deni juu yake, kwa hiyo lazima apike zaidi kuliko alivyokuwa akipika. Siku ileile lori la bia linapita kwenye lami kuelekea Kikagati, mpakani mwa Tanzania, limesheheni kreti, na askari wanasogea pembeni lipite.

Hatuna ugomvi na lori. Linalipa kodi na lina dereva na matingo wenye watoto wanaosoma. Tangu Nile Breweries wafungue kiwanda chao cha Mbarara mwaka 2013, bia haina tena haja ya kusafirishwa kutoka Jinja ndipo itufikie, na kuna watu wa eneo hili wanaopata mshahara pale. Tunachouliza ni kimoja tu. Mtu aliyelewa kwa chupa sita za kiwandani anampiga mkewe kwa ngumi ileile anayotumia aliyelewa kwa nusu lita ya enguli, pombe kali ya pipani. Kwa nini ulevi wa kreti ni biashara na ulevi wa jerikani ni jinai?

Wazee wetu wana jibu, na jibu lao linaanzia mbali.

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini mkataba mjini Brussels. Tunaambiwa ulikuwa mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na ni kweli, lakini ndani yake mlikuwa na vifungu vya pombe kali. Katika eneo kubwa la Afrika ya tropiki, jini na ramu kutoka ng'ambo zilipigwa marufuku mahali ambapo hazijazoeleka, na kutozwa ushuru mahali ambapo tayari zimeingia. Mwaka 1919 mkataba mwingine, wa Saint-Germain, ukakaza kamba. Wamisionari wengi na wanaharakati wa kiasi wa Uingereza na Marekani walioshinikiza mikataba hiyo walikuwa na nia njema. Walikuwa wameona miji yao wenyewe ikioza kwa jini, na walijua jinsi wafanyabiashara wa Ulaya walivyomwaga vileo pwani ya Afrika Magharibi. Hilo tunawapa.

Lakini angalieni ilivyotua hapa. Mzungu wa serikali aliendelea kunywa wiski yake klabuni, jua likizama. Mwafrika akikutwa na wiski hiyohiyo, ni kosa. Yeye aliachiwa pombe ya kienyeji, na hata hiyo ikafuatwa na leseni na mipaka ya mahali pa kuuzia. Uganda haikumruhusu Mwafrika kunywa pombe kali kisheria hadi katikati ya miaka ya 1950, wakati uhuru ulikuwa umeshaanza kunukia. Kwa zaidi ya miaka 50, basi, babu zetu walifundishwa kwamba kuna vinywaji vya watu na vinywaji vya wenyeji. Mlango ulipofunguliwa, mtumishi wa serikali, mwalimu na karani walikimbilia chupa, kwa sababu chupa ilikuwa cheti cha kuonyesha kwamba umefika. Hadi leo kwenye harusi zetu mgeni wa heshima huletewa ya chupa, na mjomba aliyelima shamba la harusi yenyewe hupewa ya kibuyu.

Turudi nyuma ya hapo, kwenye tonto, kwa sababu watoto wetu wanadhani pombe ya kienyeji maana yake ni moto wa enguli.

Tonto ni pombe ya ndizi, na ilikuwa kazi ya siku nyingi. Ndizi za pombe zilikatwa, zikafukiwa shimoni na majani ya migomba, zikapewa joto mpaka ziive. Zikamenywa, zikakamuliwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi kavu, mpaka maji yake yajitenge na makapi. Maji hayo matamu ni eshande, na mtoto hunywa. Ukitaka pombe unatia unga wa mtama uliokaangwa, unafunika mtumbwi kwa majani, unangoja. Inayopatikana ni hafifu, nzito, yenye lishe ndani yake, na baada ya siku chache inachachuka kupita kunyweka. Haifichiki chini ya kitanda. Haisafirishwi mbali. Mwenye kuikamua lazima aite watu, na watu wakiitwa, mzee huketi mbele na kijana humimina. Kulikuwa na walevi hata enzi hizo, tusidanganyane, na kulikuwa na wazee waliojitengea kibuyu kikubwa kwa kisingizio cha heshima. Mwanamke hakuwa na neno barazani. Ila kinywaji chenyewe kilikuwa na breki zake: shamba, msimu, idadi ya mikono, na kuchachuka.

Majirani zetu wa kambini wanasema yaleyale kwa majina yao. Wanyarwanda wana urwagwa, Warundi wana urwarwa, Wakongo wa Kivu wana kasikisi. Ndizi ni zilezile. Nakivale ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Wanyarwanda waliokimbia machafuko ndio waliojenga vijiji vyake vya kwanza. Watu waliokuja na mbegu ya ndizi na ufundi wa kukamua hawakuhitaji mkalimani wa kuelewana na Banyankole, wenyeji wa hapa, juu ya mtumbwi wa pombe.

Enguli ni habari nyingine. Unachukua pombe ya ndizi, au mchanganyiko wa molasi, au mahindi yaliyovundikwa na sukari na hamira, unachemsha pipani, mvuke unapita kwenye mrija uliozama ndani ya maji baridi, unatoka ukiwa matone. Haichachuki. Jerikani moja ina nguvu ya mitumbwi kadhaa. Inafichika na inabebeka kwenye boda. Sasa mtu yeyote mwenye akili ya biashara atuambie: ukimwambia mpika pombe kwamba kazi yake ni kosa na atakamatwa wakati wowote, atapika ipi? Atapika iliyo ndogo, kali, inayofichika. Wamarekani walipiga marufuku pombe nchi nzima kuanzia mwaka 1920 na wakaachana na marufuku hiyo mwaka 1933, na katikati ya miaka hiyo watu walihama kutoka bia kwenda vikali vya vichochoroni kwa sababu hiihii. Sisi hatukuhitaji kusoma historia yao. Tuliiona hapa, pale wilayani Kabale, na kwingineko magharibi mwa Uganda.

Katikati ya miaka ya 1960 serikali yetu wenyewe, baada ya uhuru, ilitunga Sheria ya Enguli. Kupika bila leseni kukawa kosa, na mwenye leseni akatakiwa auze alichopika kwa kampuni ya serikali, ambayo ilikisafisha, ikakitia kwenye chupa na kukiuza kwa jina la Uganda Waragi. Tafakarini hapo. Kinywaji kilekile, kutoka pipa lilelile la kijijini, kilikuwa haramu mkononi mwa mama na halali kikishapita kiwandani. Waragi ikawa fahari ya taifa, ikawekwa kwenye meza za hoteli. Waliopika asili yake wakabaki wakikimbia porini na mapipa. Hatukumbuki hata mmoja wa majirani zetu aliyewahi kuwa na leseni hiyo, na sheria ilidumu kwenye vitabu kwa miongo mingi.

Mwezi wa Aprili 2010 tukazika. Hasa ni Kabale waliozika, lakini nani huku hana shangazi au shemeji Kabale? Waragi ya kienyeji iliyotiwa methanoli iliua watu wapatao 80 ndani ya wiki chache. Walianza kwa kuumwa tumbo, wakapoteza macho, wakafa. Methanoli haitambuliki mdomoni kama sumu. Ina ladha kama ya pombe. Mpishi mdogo anayependa wateja wake hana namna ya kuipima, na mchuuzi mwenye tamaa anayeongeza nguvu kwa kemikali ya kiwandani hana anayemzuia. Baada ya mazishi zilikuja operesheni, mapipa yakamwagwa. Mwaka 2022 Arua nao walizika watu waliokunywa jini ya chupa, yenye lebo. Sasa tuambiwe tena kwamba hatari iko kwenye jerikani peke yake.

Halafu vikaja vifuko. Watanzania waliviita viroba, sisi tuliviita kavera. Kiasi cha kumlewesha mtoto wa shule, kwa bei ya pipi chache, kwenye mfuko unaoingia ndani ya soksi. Makondakta walivipasua kwa meno wakiwa mlangoni. Tanzania ilipiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017. Serikali ya Uganda iliamua mwaka huohuo, ikawapa wenye viwanda muda, ikawaongezea muda, na ni mwaka 2019 ndipo marufuku ilipoanza kufanya kazi: pombe kali isiuzwe chini ya mililita 200, na iwe kwenye chupa. Tulishangilia, na hatujuti kushangilia. Vifuko vilipungua kweli, na mitaro ikapumua. Lakini mama wa pipa hakuwahi kupewa miaka miwili ya kumaliza mzigo alionao. Yeye hupewa dakika mbili.

Covid-19 ilipokuja, baa zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa hadi Januari 2022. Karibu miaka miwili! Kama kufunga milango kungekuwa dawa ya ulevi, Uganda ingekuwa imepona. Kilichotokea kila mtu wa hapa anakijua. Baa zilihamia nyuma ya nyumba, na mlevi akahamia sebuleni, mbele ya watoto ambao shule zao nazo zilikuwa zimefungwa. Mke aliyekuwa anapata amani kutoka saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, mume akiwa kilabuni, akapoteza hata hiyo.

Tunajua Sarah Opendi, akiwa mbunge wa Tororo, alipeleka muswada wa kudhibiti vileo. Alitaka baa ziuze kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa nne usiku siku za kazi, na kuanzia saa sita mchana hadi saa sita usiku mwishoni mwa wiki. Kenya ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu mwaka 2010, wenyewe wanaiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeisukuma. Bunge letu halikuupitisha muswada wa mama huyo. Sababu zilizotajwa ni kodi, ajira, uwekezaji. Sisi wengine tulikuwa na mashaka yetu juu ya muswada, kwa sababu tulijua saa hizo zingemkamata nani kwanza. Hata hivyo tuliumia kuona namna jambo lilivyokufa. Waliosema lingeua biashara walisikilizwa. Hatukusikia kwamba wake wa walevi wa Isingiro waliitwa kutoa ushahidi.

Sasa mtu atauliza: je, hakuna kilichowahi kufanikiwa? Kipo. Nacho hakikutoka serikalini.

Miaka ya 1930 moto wa uamsho uliwaka Gahini, Rwanda, kwenye hospitali ya misheni alikofanya kazi daktari Joe Church, aliyekuwa ameomba na kusoma Biblia na Simeoni Nsibambi, Muganda, kilimani Namirembe mwaka 1929. Uliingia Kigezi, ukaingia Ankole, huku kwetu, ukavuka hadi Tanganyika, Kenya na Burundi. Walioguswa waliitwa Balokole, waliookoka. Wengi waliacha pombe, na waliiacha kwa namna ambayo hakuna sheria ingeweza kuilazimisha: mtu alisimama mbele ya kijiji, akasema ameiba mbuzi wa nani, amempiga nani, amelewa wapi, kisha akaenda kurudisha alichoiba. Wanawake waliookoka walikataa kuwaandalia waume zao pombe, na wengine walipigwa kwa hilo, hawakurudi nyuma. Kwenye harusi za Balokole kulitolewa eshande, uji wa obushera na chai. Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Kigezi na kumkabili Idi Amin kwa maneno, alikuwa mwalimu kijana mnywaji kabla ya kuokoka.

Tusiwapake sukari. Balokole walikuwa wakali, waliwatenga ndugu zao, walikataa kula na watu, na maaskofu wenyewe waligombana nao. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa kwenye chuo cha theolojia cha Mukono kwa sababu ya uamsho huo. Kuna familia huku ambazo hazijapatana hadi leo. Lakini waulizeni wazee wa Isingiro ni nani waliojenga nyumba za mabati mapema na kuwasomesha mabinti wao. Mtatajiwa waliookoka. Pesa ya pombe ilikuwa imebaki nyumbani. Wakongo wa kijiji cha New Congo kule kambini nao wana mfano wao: Wakimbangu, ambao kanisa lao lilizaliwa na mahubiri ya Simon Kimbangu mwaka 1921, hawanywi pombe, na hawakuamriwa na Wabelgiji, Wabelgiji ndio waliomfunga mwanzilishi wao hadi akafia gerezani mwaka 1951. Waislamu, Wasomali na wengineo, wana katazo lao tangu zamani, na mwenye duka Msomali pale kambini anaishi katikati ya wanywaji bila kunywa na bila kumtuma askari kwa mtu. Wasabato wapo, walokole wapya wa makanisa ya mabanda wapo. Wote hao waliacha pombe kwa kuwa walikuwa na kundi la kuwapokea jioni, saa ile ambayo mnywaji hajui aende wapi.

Hilo la jioni ndilo wapanga sheria hawalioni. Kijana wa Kaberebere akimaliza kupakia matoke kwenye lori la Kampala, jua linazama, ana shilingi mfukoni na hana pa kwenda. Hakuna maktaba, uwanja wa mpira hauna taa. Kilabu kina taa, kina redio, kina watu wanaomwita kwa jina. Unamwambia aache, aende wapi?

Na kambini ni zaidi ya jioni. Kule kuna watu ambao mchana wote ni jioni. Wamekaa miaka wakingoja: kungoja hadhi ya ukimbizi, kungoja kuitwa kwenda Marekani au Kanada, kungoja vita vya Kivu viishe. Wapo walioona watu wao wakichinjwa, na hawajawahi kuzungumza na mtu kuhusu hilo isipokuwa wakiwa wamelewa. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwagawa wakimbizi wa Uganda kwa makundi ya uhitaji, wengine wakapunguziwa posho, wengine wakaondolewa kabisa, kwa sababu wafadhili walikuwa wamepunguza fedha. Wiki hizo mapipa yaliongezeka kando ya mabonde. Nani alishangaa? Mama mmoja wa Kikongo, mpika enguli ambayo kwao huitwa kanyanga, alituambia sokoni, mbele ya gunia lake la makopo, "Nikiacha kupika kanyanga, batoto batakula nini?" Alikuwa mtu wa kanisa, mwimbaji wa kwaya. Hakuwa anajitetea. Alikuwa anauliza swali, na sisi tuliokuwa pale tulikuwa na mdomo mzito.

Wanywaji wake ni nani? Ni sisi. Ni vijana wa Kaberebere wanaoingia kambini kwa boda kwa sababu kule ni nafuu, na ni vijana wa kambini wanaokuja kulima mashamba ya Banyankole na kulipwa sehemu ya kibarua kwa pombe. Ndiyo, kwa pombe. Wapo wenye mashamba wanaofanya hivyo, na baadhi yao hukaa viti vya mbele kanisani. Hatuwezi kunung'unikia serikali tukawaacha hao. Kumlipa mtu mwenye njaa kwa kinywaji ni wizi, hata akikubali mwenyewe.

Na hawa wanaokuja na maikrofoni kila miaka mitano? Wakati wa kampeni pombe haina saa wala leseni. Kreti zinashushwa, jerikani zinashushwa, na askari hawaoni. Mwezi mmoja baadaye mgombea yuleyule anahudhuria mkutano wa maendeleo na kutuambia watu wa Isingiro wanakunywa mno, ndiyo maana ni maskini. Alijulia wapi tunavyokunywa, kama si kwa mkono wake mwenyewe? Wenzetu wakimbizi hawapigi kura, lakini kreti za kampeni zikishashuka hawakosi kuletewa mabaki, na ghasia zake huwafikia pia.

Kinachotuudhi kuliko vyote ni kwamba mlevi hana mahali pa kupelekwa. Tunaambiwa ulevi ni ugonjwa. Vizuri, tumekubali. Kitengo cha waraibu kinachojulikana nchini kiko hospitali ya akili ya Butabika, Kampala, karibu kilomita 300 kutoka hapa. Mkulima atampelekaje mwanawe huko, amhudumie wiki ngapi, na mgomba nani atapogoa? Mtu aliyekunywa enguli miaka 15 akiachishwa ghafla mahabusu anaweza kupata degedege na kufa. Wauguzi wetu wanalijua hilo, lakini aliyemfungia hajui, na anadhani anamfundisha adabu.

Basi tumekaa, wa mjini na wa kambini, tukakubaliana ya kudai. Methanoli ipimwe: pawe na mahali Mbarara, kwenye mji wenye chuo kikuu cha sayansi tangu mwaka 1989, ambapo mpishi anaweza kuleta sampuli bila kufungwa pingu. Leseni ya pombe ya ndizi iwe ya bei ambayo mama wa mtumbwi mmoja anaiweza, ili tonto irudi na enguli ipungue. Anayetaka kuacha kupika apewe mkopo au shamba kabla pipa lake halijatobolewa. Hospitali ya rufaa ya Mbarara iwe na vitanda vya waraibu, na vituo vya afya vya Nakivale viwe na mtu anayejua kumwachisha mlevi bila kumuua. Mwenye shamba anayelipa vibarua kwa pombe ashtakiwe. Na umbali kutoka shuleni upimwe kwa kamba moja kwa wote, baa yenye nembo ukutani na kibanda chenye turubai.

Hilo la mwisho tumeshalianza sisi wenyewe. Akina mama wa pande zote mbili wanaandika kila mahali panapouzwa pombe karibu na shule, kuanzia stendi ya Kaberebere hadi Base Camp ya Nakivale, pamoja na maelezo ya kama pana leseni na saa panapofunguliwa. Wanawaachia watoto wa darasa la saba wawasaidie kupima hatua. Baraza lijalo la wilaya tutaisoma orodha hiyo kwa sauti, jina la mahali baada ya jina la mahali, na tutaomba kila anayehusika na leseni akae mpaka tumalize.